Tangi la samaki wa baharini: maji ya kuongezea ndiyo ya kuhangaikia kwanza

Watu wa Dar es Salaam wanaotaka kufuga samaki wa baharini nyumbani huniuliza karibu wote swali lilelile: maji nikayachote Kunduchi au Kigamboni? Bahari tunayo mlangoni, kwa hiyo swali ni la haki na nitalijibu kirefu. Lakini kabla ya hapo kuna maji mengine ambayo hayaulizwi, na kwa uzoefu wangu ndiyo yanayoamua kama tangi litadumu: maji yasiyo na chumvi unayoongeza kila siku kufidia yaliyokauka.

Chukua tangi la lita 200 sebuleni, feni ikipuliza juu yake ili joto lisipande sana. Miezi ya Januari na Februari linaweza kupungua lita 3 kwa siku. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi yote inabaki. Ndiyo maana pengo hilo hujazwa kwa maji baridi tu, yaani yasiyo na chumvi. Ukijazia maji ya bahari, chumvi itapanda wiki hadi wiki mpaka viumbe waanze kudhoofika mmojammoja.

Sasa piga hesabu. Maji yako baridi yakiwa na miligramu 400 za vitu vilivyoyeyuka katika kila lita, na visima vingi vinavyonyweka vina kiasi hicho au zaidi, basi lita 3 kwa siku ni lita 1,095 kwa mwaka, na ndani yake umeingiza gramu 438 za vitu ambavyo hukuvichagua. Humo kuna naitreti na silika, mara nyingine fosfeti, na mabomba yakiwa ya shaba, shaba pia. Kubadilisha sehemu ya maji kila wiki mbili kunapunguza mrundikano huo, hakuufuti. Mwani unaofunika mawe, ule ukungu wa kahawia kwenye kioo unaorudi kesho yake ukiufuta leo, mara nyingi chanzo chake ni ndoo unayoongezea. Na shaba ni hatari ya namna yake: samaki anaweza kustahimili kiasi kidogo, lakini kamba, konokono, anemoni na matumbawe hawastahimili.

Maji ya bomba hapa mjini hutoka zaidi Mto Ruvu, na kama maji yoyote ya mjini hutiwa klorini ili tusiugue. Kwetu ni usalama, kwa samaki ni sumu, na kwa bakteria wanaosafisha tangi pia ni sumu. Kuyaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha huku yakipigwa hewa huondoa klorini ya kawaida, lakini hakuondoi kitu kingine chochote kilichoyeyuka. Kisima cha kuchimba karibu na pwani mara nyingi kimeshaguswa na maji chumvi ya ardhini, na kwenye mitaa yenye vyoo vya shimo vilivyosongamana naitreti huwa juu. Maji ya mvua yangekuwa mazuri kama yasingepitia kwenye bati: mabati yetu yamepakwa zinki, na zinki kwa wanyama wasio na uti wa mgongo ni adui sawa na shaba. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yanaonekana safi kabisa, na najua wengi wanayakinga kwa ajili ya pasi na betri. Kwa tangi yaache, yamepita juu ya mabomba ya shaba na mapezi ya alumini yenye vumbi la miaka.

Kinachobaki ni mashine ya RO, inayosukuma maji kwa presha kupitia membreni, utando mwembamba unaozuia vitu vilivyoyeyuka, na yenye chujio la rezini mwishoni, punje zinazonasa vile vilivyoponyoka. Kama unanunua kitu kimoja tu cha gharama kabla ya samaki wa kwanza, nunua hiki, hata kabla ya taa. Ila kwa nyumba zetu kuna jambo wauzaji hawalisemi. Mashine hizi zinahitaji presha ya bar 3 hadi 4 ili zifanye kazi vizuri, na simtanki iliyo juu ya mnara inatoa bar 1 kwa kila mita 10 za kimo. Mnara wa mita 4 haufikishi hata nusu bar. Bila pampu ya kuongeza presha utapata matone, na maji yatakayotoka hayatakuwa safi inavyotakiwa, kwa sababu membreni ikikosa presha hupitisha vitu vingi zaidi. Chujio la kaboni likae kabla ya membreni, maana klorini huila membreni ikaisha kabla ya wakati. Kwa kila lita moja safi, mashine hutupa lita 3 hivi. Hayo yanayotupwa yanafaa kudeki na kufulia, yakinge.

Kisha nunua kipimo cha TDS, yaani cha jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, kile kidogo kama kalamu. Maji yakitoka kwenye rezini kisome 0. Kikianza kusoma 2 au 3, rezini imechoka, badilisha. Usisubiri mwani ukuambie. Kumbuka tu kwamba kipimo hiki hakikuonyeshi klorini, kwa hiyo kaboni ibadilishwe kwa ratiba.

Asiyeweza mashine kwa sasa aende kwenye vituo vidogo vinavyosafisha na kujaza maji ya kunywa, akiwa na kipimo chake mkononi. Vingi vinatumia RO. Waombe wakukingie kabla ya hatua ya kurudishia madini, na wala si ombi la ajabu, wenye magari huja na ombi hilohilo. Ukipata chini ya 10, chukua. Maji ya kuongezea kwenye betri yanayouzwa sheli nayo yanaweza kufaa yakiwa ni maji yaliyokenekwa tu, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji. Soma chupa vizuri, maana nyingine pembeni yake ina asidi.

Haya, tuje baharini. Maji ya Bahari ya Hindi yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, kalsiamu zaidi ya miligramu 400 na magnesiamu karibu 1,300, na hakuna chumvi ya tangi ya pakiti inayoyapita yakiwa safi. Neno zito hapo ni safi. Ufukwe wenyewe usiufikirie. Msimbazi unamwaga karibu na Daraja la Selander, Mlalakuwa unamwaga upande wa Kawe, na vyote vya mjini vinakuja navyo: sabuni, mafuta, maji ya vyoo. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mimi sichoti kabisa karibu na jiji. Mvua zikiisha nayapa maji muda yatulie kwanza.

Ninachofanya ni kukodi boti Kunduchi na kutoka nje, kupita visiwa, mahali ambapo rangi ya maji imegeuka kuwa buluu iliyokolea. Bongoyo na Mbudya ni maeneo ya hifadhi tangu 1975 na yana taratibu zake, kwa hiyo usiyageuze kuwa kisima chako, na usiokote humo jiwe, konokono wala tumbawe. Siku ninazopenda ni za maji mafu, ambapo bahari hujaa na kupwa kidogo. Bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, huvuta na kusukuma kwa nguvu, tope la chini linapanda, na maji ya mikondo ya ndani yanatapakaa mbali. Siku za maji mafu mkondo ni mpole, na hapa kwetu maji hujaa asubuhi mida ya saa nne, saa nzuri kwa kazi hii. Choteni yakiwa yamejaa au yanamalizia kujaa, kwa sababu hapo ndipo maji ya kilindini yanapokuwa yamesogea ndani.

Injini izimwe. Madumu yachotewe mbele ya boti, upande upepo unakotoka, na mdomo wa dumu uzamishwe mpaka mkono uingie wote majini kabla ya kufungua kifuniko. Ngozi ya juu ya bahari ndiyo hubeba mafuta na taka nyepesi. Dumu liwe lililokuwa na maji ya kunywa tangu mwanzo. La dizeli halifai hata uoshe vipi, na la mafuta ya kupikia nalo lina shida hiyohiyo. Msimu wa kaskazi kuna siku utakuta mistari mirefu juu ya maji, ya rangi ya kahawia, chembechembe kama vumbi la mbao. Hao ni viumbe wadogo waitwao Trichodesmium waliochanua. Siku hiyo rudi na madumu matupu. Nilisharudi hivyo, nahodha akaniambia, "Mwanangu, bahari haihami, tutarudi wiki ijayo." Nauli nilimlipa yote, na nililipa kwa furaha.

Ukifika nyumbani, chuja kwa kitambaa cheupe kizito au soksi ya kuchujia, kisha amua mara moja: uyatumie siku hiyohiyo, au uyafunike gizani yakipigwa hewa kwa wiki mbili au zaidi. Katikati ya hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa planktoni, viumbe wadogo mno waliomo, wanakufa na kuoza, na amonia inapanda. Kabla ya kuyaingiza, pima amonia. Isome sifuri.

Kuna wazo la kununua chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya Bagamoyo na kuiyeyusha. Linaonekana la busara, kwani si ni bahari ileile iliyokaushwa? Lakini kwenye bwawa la chumvi vitu haviganduki kwa pamoja. Chokaa na jasi hutangulia kutulia chini, chumvi ya kawaida hufuata, na magnesiamu nyingi hubaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa mwisho. Ukiyeyusha chumvi hiyo unapata maji ya sodiamu, na matumbawe hayajengi mifupa kwa sodiamu. Chumvi ya jikoni ni vivyo hivyo.

Kwa walio Dodoma, Mwanza au Arusha, safari ya kubeba maji ya bahari haina maana. Nunueni chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, gramu 35 au 36 kwa lita, yaani kama kilo 7 kwa tangi la lita 200, na muichanganye kwenye maji ya RO. Arusha hasa msijaribu njia ya mkato ya kisima, ardhi ya upande wa Meru ina floridi nyingi. Tumieni pipa la plastiki lenye pampu ndogo ya kuzungusha, maji yatangulie na chumvi ifuate kidogokidogo, isikorogwe kwa kumwaga maji juu ya rundo la chumvi, maana kalsiamu itaganda iwe unga mweupe usioyeyuka tena. Iache izunguke mpaka kesho yake, pima kwa refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi majini, na ikisoma 1.025 (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matupu) kwenye joto linalolingana na la tangi, mimina.