Ukitaka ujumbe, soma kanga: maswali yenu na majibu

Niliwaomba mniandikie kuhusu kazi moja ya sanaa inayowagusa, na kwa nini. Mmeitikia, ahsanteni. Ila karibu nusu ya barua zinamalizia na swali lilelile, "ujumbe wake ni nini?", na mwenye kuuliza hivyo mara nyingi hajasema hata kitu chenyewe kina rangi gani. Nimechagua chache.

*Nina kinyago cha ujamaa nilichorithi kwa marehemu babu. Kila nikikitazama nasisimka, lakini wageni wakiniuliza maana yake nakosa la kusema. (Msomaji wa Masasi)*

Pole kwa msiba, na hongera kwa urithi. Hujakosa la kusema. Umeshasema unasisimka, na hilo wageni wako wengi hawaliwezi.

Kiweke mezani, zima runinga, uanze kukitazama kutoka chini. Pale chini utakuta watu wamechuchumaa, mabegani kwao zimekanyaga nyayo za wengine, na hao wengine wamebeba tena, hadi juu kabisa. Hakuna aliyegundishwa. Wote wametoka kwenye gogo moja la mpingo. Sasa pitisha kidole kwenye uwazi ulio kati ya mkono na kiuno cha mmoja wao. Mti uliokuwa hapo ulitolewa kidogo kidogo kwa patasi, na pigo moja la pupa lingeuvunja mkono ule, kazi yote ikawa kuni. Mwili wako unalijua hilo kabla kichwa hakijalitafutia maneno, ndiyo maana unasisimka.

Mtindo huu unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyetoka Msumbiji akaja huku miaka ya 1950. Mwanzoni uliitwa dimoongo, yaani nguvu, na inasimuliwa kwamba alichonga bingwa wa mieleka akiwa amebebwa juu na wenzake. Jina la ujamaa lilikuja baadaye, siasa ilipokipenda kinyago. Kwa hiyo mgeni akikuambia babu yako alikuachia Azimio la Arusha la mbao, mcheke kwa adabu.

Kipindue uangalie kitako kama kuna jina la mchongaji. Kama lipo, liandike mahali na uwaambie wanao. Majina ya washambuliaji wa Simba na Yanga tunayajua hadi ya akiba, lakini aliyetoa watu kumi na wanane ndani ya gogo tunamwita "Mmakonde mmoja". Na usikiweke juani wala mbele ya kiyoyozi, kitapasuka.

*Nitajuaje kama mchoro wa Tingatinga niliouziwa ni original? (Wasomaji sita, miji tofauti)*

Nimelijibu hili hadi nimechoka. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 hivi, na 1972 alipigwa risasi na polisi Dar es Salaam, wakidhani ni mwizi. Miaka minne. Alipaka rangi za mafuta za bei rahisi kwenye vipande vya hadibodi. Kama wako umechorwa kwenye kitambaa, umekunjwa kama mkeka na umenunuliwa juzi ufukweni, si wake. Ni wa mtu anayefuata mtindo wake, naye ana jina, na huenda yuko hai na ana kodi ya kulipa. Muulizeni yeye mnavyomuuliza marehemu.

Na mkishakuwa sokoni, kwenye vinyago nako mfungue macho. Mimi mwenyewe niliwahi kubeba "mpingo" kwa furaha hadi nyumbani, kiganja kikabaki cheusi. Ulikuwa mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu. Kibanzi cha mpingo halisi huzama majini. Na kitu kikubwa chepesi mkononi, hata kiwe cheusi namna gani, mrudishie mwenyewe.

*Nilifika Paris, nikapanga foleni kumwona Mona Lisa. Sikuhisi chochote. Nina tatizo? (Msomaji aliye Ubelgiji)*

Huna. Picha yenyewe ina urefu wa sentimita 77 na upana wa 53, iko nyuma ya kioo, na mbele yako palikuwa na ukuta wa simu. Ungehisi nini zaidi ya joto? Mwaka 1911 iliibwa, na watu wakafurika kwenye jumba la makumbusho kutazama nafasi tupu ukutani. Wale angalau walijua walichofuata. Siku nyingine ingia chumba cha jirani kisicho na watu, simama mbele ya picha yoyote dakika kumi.

*Naona kuna mlango wa zamani wa nakshi unauzwa Unguja. Nataka kuuweka kwenye nyumba yangu bara. Ushauri? (Msomaji wa Dodoma)*

Usinunue. Mtafute fundi akuchongee mpya, wapo.

*Niliwaonyesha kidato cha tatu picha iliyochorwa na Sam Ntiro. Wote wakaandika: "Ujumbe: tudumishe mila zetu." Niwasahihishe vipi? (Mwalimu, Moshi)*

Mwalimu, shikamoo, maana swali lako nimelisubiri miaka. Watoto hawana kosa. Tumewafundisha kuikamua kazi ya sanaa kama nazi: tui likishatoka, yaani ujumbe, machicha yanatupwa. Lakini alichokitengeneza msanii ndicho hicho tunachokiita machicha.

Chukua ile ya mwaka 1956, wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iliyonunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York. Ntiro alikuwa mtu wa Machame, baadaye akawa balozi wetu London. Aliujua usiku ule wa mlimani. Waulize wanafunzi wako: amepakaje usiku, na bado tukawaona watu? Jicho lako limeanzia wapi, likaishia wapi? Ukimfuta mtu mmoja, nini kinaharibika? Asiyejibu arudi kutazama. Marufuku kuandika neno "jamii" kwa juma zima.

Ukitaka ujumbe, soma kanga. Umeandikwa pale, umeulipia. Na hata kanga yenyewe, waangalie mama zetu dukani: jina, yaani yale maandishi, wanalisoma, kweli, kisha wanaikunjua, wanalikagua pindo, wanautazama mji, ile sehemu ya katikati, wanaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Nimeona kanga yenye jina tamu ikirudishwa kwenye rafu kwa sababu ya pindo baya.

*Unatuuliza sisi kila siku. Wewe kinachokugusa ni kipi? (Dada wa Tanga)*

Dada, umenibana. Ni michoro ya mapangoni Kolo, Kondoa.

Iko kaskazini ya mji wa Kondoa, kando ya barabara ya Dodoma kwenda Arusha, na tangu 2006 imo kwenye urithi wa dunia. Unapanda kilima kwa miguu na mwongozaji, jasho linakutoka, halafu jiwe kubwa limeinama juu yako na chini yake kuna watu wekundu. Wembamba, warefu kupita kiasi, vichwa vimevimba kwa nywele au kwa sijui nini. Pana mahali mmoja yuko katikati, wengine wamemshika mikono huku na wengine kule. Wako wanaosema anatekwa. Wako wanaosema amepandwa na mashetani ngomani na wenzake wanamzuia asianguke. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alipita hapo 1951 akainakili kwa mkono, na ubishi haujaisha.

Mimi ubishi ule haunisumbui. Kilichonishika ni mstari wa mguu. Umeshuka kutoka nyonga hadi kifundo kama umepigwa kwa pumzi moja, juu ya jiwe lenye mikwaruzo, na mtu aliyejua kabisa goti linapokaa.

Mkienda, msimwagie maji ukuta ili picha itokee vizuri kwenye simu. Nimeona mtu akifungua chupa nikapiga kelele kabla ya mwongozaji. Yeye alikuwa amekaa kivulini, akaniuliza kama tumemaliza, jua linashuka. Nikamwambia bado.