Muulize Fundi: Sketi ya yadi 2, uzi wenye matandu na sweta la mtumba

Nina kitenge cha yadi 2 na ninataka sketi pana inayovuka goti, ule mshono wa duara. Kiuno changu ni sentimeta 76. Fundi wa mtaani anasema niongeze yadi 2, lakini ua hilo halipatikani tena sokoni. Ni kweli hakitoshi?
*Msomaji, Morogoro*

Kwa duara kamili hakitoshi, na fundi wako yuko sahihi. Upana wa kitenge ni inchi 45 hivi, karibu sentimeta 115. Ukikata duara zima ndani ya upana huo, kutoka katikati hadi ukingo una sentimeta 57 tu. Toa 12 za tundu la kiuno, unabaki na 45. Hiyo sketi haifiki gotini.

Kata nusu duara. Haichanui kama duara zima ukizunguka, lakini inaanguka vizuri zaidi, hasa kwa kitenge kigumu, na yadi 2 zinatosha.

Kwanza loweka kitenge, kianike, kipige pasi, ndipo upime. Yadi 2 ni sentimeta 183, ila pamba hurudi ikiguswa na maji. Tuseme imerudi kwa sentimeta 3 katika kila 100: umebaki na kama 178. Afadhali uzipoteze hizo sasa kuliko sketi ikiwa imeshashonwa.

Hesabu ya kiuno ni hii. Chukua 76, ongeza 3 za mshono wa nyuma (sentimeta 1.5 kila upande), upate 79. Gawa kwa 3.14, unapata 25. Hapo, sentimeta 25 kutoka kitovu cha nusu duara, ndipo mshono wa kiuno utakapopita, kwa hiyo kata kwenye 24 ili ubaki na sentimeta 1 ya kushonea mkanda.

Kunja kitenge katikati ya urefu wake, ncha kwa ncha. Kona ambapo mkunjo unakutana na ukingo wa kiwandani ndiyo kitovu chako. Bana mwanzo wa futi ya kupimia kwenye kona hiyo kwa pini, izungushe taratibu, na weka alama ya chaki kila baada ya vidole vitatu: mara ya kwanza kwenye 24, mara ya pili kwenye 89, yaani nusu ya zile 178. Unganisha alama, kata. Mkunjo unakuwa katikati ya mbele, na zile kingo mbili za kiwandani zinakutana nyuma, ambako utaweka zipu ya sentimeta 18 au 20. Ukishakunja pindo utapata urefu wa sentimeta 62 hivi chini ya mkanda. Kile kipande kirefu kilichobaki pembeni kina upana wa zaidi ya sentimeta 20, na humo unatoa mkanda wa sentimeta 8 kwa 82.

Sketi hizi huharibika mahali pawili. Pa kwanza ni kiuno: ukishakata tu, kabla hata ya kuijaribu mwilini, piga mshono mmoja wa kawaida kuzunguka tundu, milimita 8 kutoka ukingoni. Bila huo, sehemu zilizokatwa mshazari zitavutika na kiuno cha 76 kitakuwa cha 82, halafu utalaumu vipimo. Pa pili ni pindo. Shona mkanda na zipu, tundika sketi kwenye hanga usiku kucha, ndipo usawazishe. Sehemu za mshazari hushuka zenyewe, wakati mwingine kwa vidole viwili. Ivae mwenyewe, na mtu mwingine apime kutoka sakafuni kwenda juu kuzunguka pande zote. Kunja pindo jembamba, sentimeta 1 basi, kwa kuwa pindo pana kwenye mviringo hujikunja vikunyanzi.

Angalia na ua. Kwenye nusu duara, ndege waliosimama wima mbele watalala ubavu nyuma. Kama kitenge chako kina picha kubwa zenye kichwa na miguu, shona sketi ya marinda badala yake.

Cherehani yangu ya miguu inaacha matandu ya uzi chini ya kitambaa. Nimekaza skrubu ya nyumba ya bobini mpaka uzi wa chini unakatika, lakini matandu yapo palepale.
*Mama mshonaji, Mombasa*

Mama, legeza hiyo skrubu kwanza. Matandu yakionekana chini, mara nyingi mkosaji ni uzi wa juu. Haujabanwa, kwa hiyo ndoano, kile chuma cha chini kinachodaka uzi wa sindano, inauvuta chini kwa wingi na hakuna cha kuurudisha.

Toa uzi wote wa juu. Pandisha mguu unaokandamiza kitambaa, maana visahani vya kubana uzi hufunguka mguu ukiwa juu na hufungwa ukiwa chini. Ukitunga uzi mguu ukiwa chini, uzi unakaa juu ya visahani badala ya katikati yake. Hilo peke yake ndilo chanzo cha nusu ya malalamiko yanayotufikia kuhusu cherehani "mbovu". Tunga upya, shusha mguu, kisha vuta uzi karibu na sindano. Lazima usikie ukinzani. Ukiteleza kama hauna mtu, pitisha ukingo wa kitambaa safi katikati ya visahani, kwa sababu huenda kuna kipande cha uzi au uchafu kimejibana humo.

Nyumba ya bobini ipime hivi: ishike kwa ule uzi wake, iache ining'inie. Ibaki hapo, na ukiutikisa mkono kidogo ishuke kiasi. Ikianguka yenyewe, imelegea. Isiposhuka kabisa, imekazwa mno. Zungusha skrubu kwa robo tu, kisha jaribu tena.

Kisha angalia sindano. Ule upande wake bapa, juu kwenye shina, unatakiwa kuelekea upande ndoano iliko, na uzi uingie kutoka upande wa pili wenye mfereji mrefu. Mwisho ni mguu wako mwenyewe kwenye kanyagio: gurudumu likianza kurudi nyuma, hata nusu mzunguko, uzi unajifunga fundo. Anza kwa kulisukuma gurudumu kwa mkono, na ushike ncha zote mbili za uzi kwa mishono mitatu ya mwanzo. Ukitaka kujua kama umepona, weka uzi mwekundu juu na mweupe chini, wa aina moja, ushone kwenye kitambaa chakavu. Hakuna rangi inayopaswa kuchungulia upande wa mwenzake.

Nilinunua sweta la mtumba ili nilifumue nipate uzi wa kofia ya mtoto wa miezi 6. Uzi umetoka vipande vifupi vifupi. Nilikosea wapi? Na kofia nianze na vitanzi vingapi?
*Baba Neema, Njombe*

Ulinunua sweta lililokatwa kwa mkasi. Kuna masweta yanayofumwa kipande kwa kipande katika umbo lake, na kuna yanayokatwa kutoka kwenye gombo la kitambaa cha kufumwa kisha yakashonwa kwa ovaloki. Hilo la pili kila mstari wake umekatwa ubavuni, kwa hiyo huwezi kupata uzi mrefu kuliko ule wa mstari mmoja.

Siku nyingine, ukiwa bado sokoni, geuza sweta ndani nje na utazame mshono wa ubavu. Ukiona ukingo umezungushiwa nyuzi nyingi nyembamba zilizosongamana, lirudishe. Unachotaka ni ukingo mzima usiokatwa, ulioungwa kwa uzi mmoja wa mnyororo. Acha pia sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto likaganda, kwa kuwa nyuzi zake zimeshikana na hazifumuki.

Lililo sawa fumua mishono kwanza, utenge mgongo, kifua na mikono. Anzia juu, shingoni na mabegani, maana mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne kwa uzi wa rangi nyingine, uloweke kwenye maji vuguvugu yenye sabuni kidogo kwa dakika 20, usuuze, uukamue kwa kuubonyeza bila kuusokota. Utundike kivulini na kitu chepesi chini, kama chupa ndogo ya maji. Mawimbi yatanyooka. Ukifumia uzi wenye mawimbi, huwezi kuhesabu vitanzi kwa uhakika, na kofia itabadilika umbo siku ya kwanza ya kufuliwa.

Idadi ya vitanzi inatokana na uzi wako na mkono wako. Namba ya jirani haitakusaidia. Fuma kipande cha vitanzi 30 kwa sindano za milimita 4, kiwe na urefu wa vidole sita hivi. Kilaze bila kukivuta, hesabu vitanzi ndani ya sentimeta 10 za katikati. Tuseme ni 22. Kichwa cha mtoto wa miezi 6 ni kama sentimeta 43, ila mpime wako. Kofia iwe ndogo kwa sentimeta 4 au 5 ili ishike: 39 mara 2.2 ni karibu 86. Kwa pindo linalovutika, yaani viwili vya mbele na viwili vya nyuma, unahitaji namba inayogawanyika kwa 4, kwa hiyo chukua 84. Ukifuma kwa sindano mbili za kawaida, ongeza 2 za kushonea.

Pindo sentimeta 4, kisha endelea na mfumo wa kawaida mpaka ufike 10 tangu mwanzo. Gawa vile 84 katika mafungu 7 ya vitanzi 12, na katika kila mstari wa pili unganisha viwili mwishoni mwa kila fungu. Vikibaki 7 (na vile 2 vya mshono), kata uzi mrefu, upitishe kwenye vyote, uvute, kisha ushonee nyuma kwa uzi huohuo. Gramu 50 zinatosha. Sweta zima la mtu mzima litakupa kofia kadhaa na soksi juu yake.

Shikamooni mafundi. Napunguza fulana za mtumba. Mshono unaruka, na nikivaa unakatika kwapani. Cherehani ya nyumbani inashona mstari ulionyooka tu.
*Mwanafunzi, Tanga*

Marahaba, binti. Kuruka kunatokana na sindano. Ya kawaida ina ncha kali ambayo haipiti vizuri kwenye kitambaa cha jezi. Kitambaa kinapanda nayo na ndoano inaukosa uzi. Dukani ulizia sindano ya jezi, yenye ncha ya mviringo, namba 11 kwa fulana nyepesi au 14 kwa nzito.

Kukatika ni kwa sababu fulana inavutika na mshono hauvutiki. Tumia uzi wa poliesta, fupisha mshono uwe milimita 2, legeza uzi wa juu kidogo, na wakati wa kushona vuta kitambaa kidogo mbele na nyuma ya sindano. Kidogo tu, la sivyo ukingo utakuwa na mawimbi. Kwapani piga mstari wa pili, milimita 3 pembeni mwa wa kwanza.

Usikate mikono. Geuza fulana, laza juu yake nyingine inayokutosha, chora mstari mmoja unaoanzia pindo la mkono, upite kwapani kwa mviringo na kushuka hadi chini. Shona kwanza, jaribu, ndipo ukate.

Khanga mpya ikilowekwa kwenye chumvi na siki, rangi inashika?
*Msomaji, Zanzibar*

Hapana. Chumvi ina kazi wakati wa kutia rangi; kitambaa kikishatoka kiwandani haifungi chochote. Fua khanga peke yake kwa maji baridi, bila kuiacha imelowa muda mrefu, mpaka maji yatoke safi, kisha anika kivulini. Isugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikiacha rangi, usiiunge na bitana nyeupe.

Naweza kutumia mafuta ya kula kulainisha cherehani?
*Msomaji, Kigoma*

Usithubutu. Yanaganda na kuwa kama gundi ndani ya ekseli. Tumia mafuta mepesi ya cherehani, tone moja kila tundu na tone moja kwenye ndoano, kisha shona kitambaa chakavu mpaka kisiwe na doa. Kama tayari imeganda, tia matone ya mafuta ya taa mbali na moto, zungusha gurudumu bila uzi, futa uchafu unaotoka, halafu weka mafuta yake.