Koma mbili, au usiweke kabisa

SWALI: Habari mwalimu. Mi ni katibu wa SACCO huku Arua, mikutano tunaongea Kiswahili na Kilugbara ila kumbukumbu za mikutano (minutes) na barua lazima ziwe Kiingereza. Juzi niliandika "The treasurer, who is also a teacher, will present the report", mwenyekiti akafuta koma ya kwanza akaacha ya pili, anasema koma inawekwa pale pumzi inapokata. Wenzangu wote wakamuunga mkono mzee. Nani yuko sawa hapo?
Katibu, Arua

JIBU: Ndugu katibu, sentensi yako ilikuwa sawa kabisa kabla haijaguswa. Koma hizo zinafanya kazi kama mabano, ukifungua lazima ufunge, sasa ikibaki moja tu inakuwa imekaa kati ya mtendaji na kitenzi chake, "The treasurer who is also a teacher, will present", na hilo Kiingereza sanifu hakikubali. Habari ya pumzi mzee hajaizua, zamani alama hizi zilimwongoza anayesoma kwa sauti ajue wapi atulie, lakini kwenye barua za leo koma inafuata maana.

Jinsi ya kupima ni kutoa yale maneno ya katikati uone kinachobaki: "The treasurer will present the report." Imesimama yenyewe, na kwa kuwa mweka hazina wenu ni mmoja bado tunajua anasemwa nani, basi hayo ya ualimu ni nyongeza tu, yapewe koma zake mbili.

Ila kuna mahali hizo koma mbili ndo zinaharibu, na hapo nakuomba uwe macho sana maana we unaandika mambo ya pesa za watu. Soma hii: "Members who have not paid will not get loans." Wanaonyimwa mkopo ni wale tu ambao hawajalipa. Sasa weka koma: "Members, who have not paid, will not get loans." Hapo umeshasema wanachama wote hawajalipa na hakuna hata mmoja atakayekopeshwa! Maneno ni yale yale, hujabadilisha hata herufi, lakini mama aliyelipa kila mwezi bila kukosa ukimpa barua hiyo ana haki ya kusimama mkutanoni aulize kulikoni. Kwa hiyo kabla hujaweka jiulize, haya maneno yanachagua baadhi ya watu kati ya wengi? Kama yanachagua, usiweke koma. Msomee mwenyekiti sentensi hizo mbili taratibu, kwa heshima, ataelewa haraka kuliko ukimtajia kanuni za sarufi.

Tena haya si ya darasani tu. Kule Kanada kampuni mbili, Rogers na Aliant, zilivutana juu ya mkataba wa kupitisha nyaya kwenye nguzo. Ulisema utadumu miaka 5, na baada ya hapo utaendelea kwa vipindi vya miaka mitano mitano, isipokuwa upande mmoja utoe notisi ya mwaka 1. Maneno yote kuanzia "na baada ya hapo" hadi kabla ya "isipokuwa" yalikuwa na koma mbele na nyuma, basi mwaka 2006 tume ya mawasiliano ya huko ikaamua kuwa yanaweza kutolewa, maana yake notisi inahusu hata ile miaka 5 ya kwanza na Aliant wanaweza kujitoa mapema. Rogers wakaomba uamuzi uangaliwe upya na mwaka 2007 tume ikaugeuza, baada ya kusoma toleo la Kifaransa la mkataba wa aina hiyo ambalo halikuwa na utata. Barua zenu ziko kwa lugha moja tu, kwa hiyo zikague vizuri kabla ya kugonga muhuri.

Mengine kwa haraka. Jina la mahali nalo linataka koma mbili, "Our office in Arua, Uganda, is closed on Sunday", ile ya baada ya Uganda wengi wanaisahau. "However" ikikaa katikati, mbili pia. Sentensi yenye "that" kama "The loan that you applied for is ready" iache bila koma. Na nyongeza ikija mwishoni, "The report will be presented by the treasurer, who is also a teacher", weka koma moja tu, nukta ndo inayofunga.