Pimeni kiwanja msimu wa korosho

Wadogo zangu mnaoanza kukagua viwanja vya maabara, msifanye kama nilivyofanya mara ya kwanza hapa Mtwara. Nilifika mwezi wa Aprili kwenye kiwanja kilicho kando ya barabara ya Masasi, nikapima ugasumaku, yaani nguvu ya sumaku iliyopo mahali, asubuhi moja tu, nikaandika kwamba panafaa kuwekwa darubini ya elektroni, mashine inayokuza vitu vidogo sana kwa miale ya elektroni, ambayo sumaku huipinda. Novemba nikarudi. Malori ya korosho yalikuwa yakipishana kuelekea bandarini, na kila lilipopita moja, namba za kipimo zilipanda na kushuka.

Ugasumaku wa dunia huku kwetu ni takriban mikrotesla 30 (mikrotesla ni kizio cha kupimia ugasumaku). Ukitulia hausumbui, maana mashine hurekebishwa ikaendana nao. Lakini lori ni chuma kikubwa kinachotembea, linaupinda, na darubini nyingi za aina hii huyumbisha picha kwa badiliko dogo tu la mikrotesla 0.1. Kipimo changu cha Aprili hakikukosea. Aliyekosea ni mimi, niliyepima barabara ikiwa tupu.

La pili ndilo ninalotaka mlishike zaidi. Watu huogopa transfoma. Mimi naogopa nyaya za nyumba ya jirani. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mkondo ukienda kwa waya wa laivu na kurudi kwa waya wa nyutro ulio ubavuni mwake, sumaku za nyaya hizo mbili karibu zote hufutana. Ukirudi kupitia ardhini au kwenye bomba la chuma, hakuna cha kuifuta. Ampea 1 iliyopotea njia hutoa mikrotesla 0.2 kwa umbali wa mita 1, na ukifika mita 10 bado iko 0.02. Ya transfoma hufifia haraka zaidi.

Usiku wa pili wa kupima, namba ziliruka kila pampu ya jirani ilipowashwa. Ndani ya boksi la nyumba ile, nyutro na ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, zilikuwa zimeunganishwa, na sehemu ya mkondo ikawa inarudi kwa bomba lililopita chini ya kiwanja chetu. Mwiteni fundi mwenye leseni abane laivu na nyutro pamoja kwa klampu mita, kifaa kinachopima mkondo kwa kubana waya. Isiposoma sifuri, kuna mkondo unaorudi kwingine.

Pimeni ugasumaku katika mielekeo yote mitatu (juu-chini, mbele-nyuma, kushoto-kulia), saa 24 bila kukatisha, jioni ikiwemo.

Sisi tulisogeza chumba cha darubini hadi mwisho wa kiwanja, mbali na barabara, jengo likiwa bado mchoro. Jirani naye akakubali boksi lake lifunguliwe, nyaya zikatenganishwa. Usiku ule pampu iliwashwa, namba zikabaki palepale.