Usiisafishe hiyo meza

Sanamu yangu ya kwanza kuhusu msiba ilikuwa kichekesho. Nilifinyanga mtu aliyejiinamia, na chozi kubwa shavuni ili asiwepo wa kukosea. Hawakukosea. Walitazama, wakasema "analia", wakapita.

Baadaye, nikitafuta mbao za kutumia, niliikuta meza ya marehemu mama yangu. Ubao wa juu ulikuwa umelika upande mmoja, pale alipozoea kuegemeza kiwiko akishona. Sikuwa na haja ya kumchonga mama. Alishajichonga mwenyewe miaka mingi bila kujua.

Tangu hapo, anayeniuliza aanzie wapi namwambia atafute kitu kilichochakaa. Achana na moyo, njiwa na mnyororo. Maana zake zilishapangwa na wengine zamani. Na ukikipata usikisafishe! Mimi nilipiga msasa mguu mmoja wa ile meza kabla sijashtuka, na mpaka leo mguu ule ni bubu.

Kisha kiharibie kazi yake, mara moja tu. Mwaka 1936 msanii Meret Oppenheim alivika manyoya kikombe, kisahani na kijiko, basi. Mdomo unakataa kabla hujafikiri. Mchongaji Doris Salcedo wa Kolombia, akiomboleza waliouawa na waliopotezwa nchini kwake, alijaza zege kwenye makabati, mengine yakiwa na nguo ndani. Kabati ni lilelile la chumbani, ila halitafunguka tena.

Nilimwiga, nakiri. Nikamwaga zege kwenye droo ya mama. Hapa nisikilize vizuri: ubao mkavu hunywa maji ya zege, ukavimba, halafu ukikauka unapasuka. Paka vanishi ndani kwanza au tandika nailoni. Piga na hesabu ya uzito, maana lita 10 za zege ni karibu kilo 24, na maungio ya zamani ya gundi hayabebi mzigo huo. Yangu yaliachia usiku. Ilinibidi niiunge upya meza na kuificha fremu ya chuma chini yake.

Jina nalo usilitie huzuni. Huzuni itajitaja yenyewe. Yangu niliiita "Meza".

Dada yangu alipokuja kuiona hakusema neno. Alivuta droo, haikutoka. Akavuta tena.