Kona ya Maswali: Boti nimeifunika vizuri kabisa, mbona ndani kumelowa?

Maswali ya boti zinazokaa nje yamekuwa mengi, nimeona niyakusanye sehemu moja tuyamalize. Karibu wote mnauliza ninunue turubai gani. Turubai nitalisema, ila sio kitu cha kwanza.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina boti ya faiba ya mita 6, inalala nje juu ya trela kwa sababu sina banda. Nimenunua turubai la plastiki, lile zito, nikalifunga pande zote mpaka chini hata upepo haupiti. Lakini kila nikifungua nakuta ndani kumelowa, viti vimeota ukungu na harufu ndo usiseme. Nimetafuta tundu kwenye turubai sijaliona. Je ninunue zito zaidi, au niweke zile chupa za kunyonya unyevu?

JIBU: Marahaba. Umeandika "hata upepo haupiti" kama vile unajisifu, na ugonjwa uko hapohapo.

Boti haikosi maji kidogo ndani hata uifute vipi, yako kwenye ngama, yaani kule chini kabisa ndani maji yanakojikusanya, kwenye zulia, kwenye sponji za viti, na ardhi yenyewe chini ya trela inatoa mvuke. Mchana jua likipiga turubai ndani panakuwa joto na yale maji yanageuka mvuke yanajaa hewani, usiku turubai linapoa haraka kwa sababu liko wazi kwa mbingu, mvuke ukigusa ile plastiki baridi unarudi kuwa maji, matone yanajikusanya yanadondokea viti vyako, na kesho jua likitoka mchezo unaanza upya kwa maji yaleyale. Sasa ukinunua zito zaidi na ukalibana zaidi utakuwa umejenga mtambo wa kuzalisha ukungu.

Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Subiri siku mbili tatu zisizo na mvua, alfajiri jua halijatoka ingiza mkono chini ya turubai upapase upande wa ndani. Ukikuta matone yametapakaa kila mahali, hilo ni jasho. Kama ni tundu utaona maji yanafuata mstari mmoja, mara nyingi chini ya mshono au chini ya zile pete za kufungia kamba, na yanakuja baada ya mvua tu.

Dawa yake ni hewa ipite. Turubai liinue katikati kwa mti au bomba linaloenda kutoka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), liwe na mgongo kama paa, na mteremko uwe mkali kiasi kwamba maji hayapati pa kukaa. Turubai likilegea sehemu maji yanajaa pale, yanalivuta chini, panakuwa na tumbo, mvua inayofuata inaongeza, mwisho linachanika au mti unavunjika na maji yote yanaingia kwa mpigo. Pembeni lishuke lipite ukingo wa boti kidogo basi, usilikunje kwenda chini ya tumbo la boti. Mbele na nyuma acha mdomo wazi, ila uwe umefunikwa juu ili mvua ya upepo isiingie. Kamba zipite chini ya boti kutoka ubavu huu kwenda ule, ziwe za kukaza vizuri, maana turubai linalopigapiga na upepo linabeba mchanga na chumvi na kukwangua rangi mpaka utalia. Kila pembe kali, kioo, nguzo ya taa, ivishe kitambaa kinene kwanza.

Ukiwa na uwezo wa kununua turubai la kitambaa, lile la kanvasi linalopitisha mvuke, nunua, linasaidia kweli. Ila plastiki ya kawaida iliyoinuliwa vizuri naipenda kuliko kanvasi ya bei mbaya iliyolazwa flati juu ya viti.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho kilipaswa kuwa cha kwanza na wewe hata hukukitaja: kizibo cha nyuma cha kutolea maji. Kiko wapi saa hizi? Boti ikiwa nchi kavu kizibo kitoke, na omo iinuliwe kwa kutumia lile gurudumu la mbele la trela ili kila tone litelemke kwenda kwenye tundu. Watu wanaona hili ni jambo dogo, haya piga hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, boti yako ina kama mita 10 za mraba hapo juu, mvua ya milimita 50 kwa usiku mmoja na turubai limechanika, hizo ni lita 500, yaani kilo 500 zimepanda juu ya trela bila kukuaga. Tairi zinalala, springi zinakata, na tumbo la boti linakaa juu ya zile mbao za trela kwa uzito ambao halikutengenezewa. Nimeona boti za namna hiyo, kwa nje nzima, chini imebonyea.

Tundu lenyewe lichunguze. Jani moja tu linaliziba, na nyigu nao wanapapenda kujenga humo. Weka kipande cha wavu upande wa ndani, na kila baada ya mvua kubwa pitisha waya au kidole. Kizibo kifunge kwa kamba pamoja na ufunguo wa injini ili siku ya kurudi majini usisahau kukirudisha, hilo nalo lina hadithi zake.

Viti vyako vina ukungu kwa sababu nyingine pia, chumvi. Kama boti inatembea baharini na huoshi kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuifunika, chumvi inabaki kwenye sponji, kwenye zulia na kwenye kamba, na chumvi ya kawaida unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75 inaanza kuvuta maji yenyewe. Ndo maana kitu kilicholowa maji ya bahari unakianika kinakauka, ukirudi jioni kimekuwa kinyevunyevu tena. Osha kila kitu kwa maji hayo, anika kikauke kabisa, alafu ndo ufunike. Viti na majaketi ya kuokolea toa upeleke ndani ya nyumba. Visivyotoka visimamishe kwa ubavu hewa izunguke, fungua na milango yote ya makabati na masanduku ya ndani ya boti.

Kuhusu zile chupa za kunyonya unyevu: zina chumvi ya kalisiamu, inavuta maji kweli, lakini inafanya kazi kwenye chumba kilichofungwa, kama boti yako ina kabini. Chini ya turubai lililo wazi mbele na nyuma unajaribu kukausha hewa ya dunia nzima. Na lile jimaji linalojikusanya chini ya chupa linakula chuma na nyaya, likimwagika karibu na betri au swichi umejitafutia kazi nyingine.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mashua yetu ya familia ni ya mbao, tumeipandisha nchi kavu na itakaa miezi. Mimi nataka niifunike yote isione mvua, mzee anasema nikifanya hivo itakauka mbao ziachane. Tumebishana mpaka mama ameingilia. Nani yuko sahihi?

JIBU: Nzuri, na mama mpe pole. Mko sahihi wote wawili, ila kila mmoja anaongelea maji tofauti.

Kinachoozesha mbao ni ukungu, na ukungu unataka unyevu na hewa. Mbao ikiwa na unyevu chini ya kama asilimia 20 kuoza hakuanzi. Mbao iliyozama kabisa nayo inakawia kuoza kwa sababu hewa haitoshi. Hatari iko katikati, mbao inayolowa kidogo na kubaki nyevu kwenye kona isiyopata upepo. Na maji ya mvua ni mabaya kuliko ya bahari, kwa sababu chumvi inauzuia ule ukungu kiasi na mvua haina chumvi, tena mvua inaiosha ile chumvi iliyokuwemo. Kwa hiyo mashua inaweza kuishi baharini miaka na miaka alafu ikaja kuozea nchi kavu, tena inaanzia kule ndani ambako hakuna anayetazama, kwenye vichwa vya mbao na pale mataruma (mbavu za ndani) yanapokutana na mkuku (uti wa mgongo wa mashua), kwa sababu takataka na majani yanajaa pale yanashika maji. Hapo wewe umeshinda.

Mzee ameshinda kwenye jua. Mbao zilizozoea maji zikikauka zinasinyaa, maungio yanafunguka, kalafati, ile pamba iliyoshindiliwa kwenye maungio, inalegea, na siku ya kushusha mashua inakunywa maji kama haijawahi kuonja bahari. Mbaya zaidi ni kukauka upande mmoja, ule unaopigwa na jua la mchana. Kwa hiyo mnachotafuta ni kivuli na upepo pamoja, paa la turubai au makuti lililo juu kabisa ya mashua, lisiguse mbao popote, mbavu za nje zikingwe jua, chini pawe wazi. Kizibo kitoke, ngama isafishwe mpaka muone mbao, na zile njia za maji kwenye mataruma zizibuliwe.

Miezi ikiwa mingi maungio yatafunguka tu, msiogope na msikimbilie kujaza lami kwenye kila ufa mkiwa nchi kavu, maana mbao zikivimba majini ile kitu iliyojazwa haina pa kwenda, inasukuma mbao. Wiki ya mwisho kabla ya kushusha wekeni magunia yaliyolowa kando ya mbao mfululizo, mmwagie maji ya bahari kila siku, zitavimba polepole. Kalafati iliyotoka kabisa ndo mrudishie.

SWALI: Nina kidau kidogo tu cha kupiga kasia, kinahitaji yote haya?

JIBU: Hapana. Kipindue. Kilaze kifudifudi juu ya mbao mbili au matairi, kiwe juu ya ardhi kiasi cha goti hewa ipite na mchwa wasikifikie, na upande mmoja uwe juu kidogo ya mwingine ili maji yasikae kwenye sehemu bapa ya chini. Kifunge na kamba, upepo unapenda vidau vilivyopinduliwa. Turubai hapo ni la kukinga jua tu.

SWALI: Boti yangu ina pampu ya otomatiki, maji yakipanda inawaka yenyewe. Si nikiiacha hivo inatosha?

JIBU: Inatosha mpaka betri iishe, na betri inaisha usiku ule wa mvua kubwa ambao pampu haipumziki. Hata ikifanya kazi vizuri haimalizi maji, inabakisha vidole kadhaa chini ambavyo haiwezi kuvifikia, na hayo ndo maji ya kutengeneza jasho niliyosema juu, na mbu nao wanazaliana humo ndani ya wiki moja mbili. Nchi kavu tundu la kizibo ndo pampu yako. Na injini ya nje ishushe isimame wima, usiiache imeinuliwa, ili maji yote yatoke kwa chini. Nyie mnaokaa nchi za baridi kali hili msilichezee kabisa, maji yakiganda yanatanuka kwa kama asilimia 9 na yanapasua chuma.

SWALI: Boti nimeikausha, kizibo kimetoka, turubai liko juu na hewa inapita. Lakini kila nikiivuta naona imekuwa nzito kuliko zamani na kwenye tundu panadondoka maji ya kahawia hata kiangazi. Yanatoka wapi?

JIBU: Ulichokausha ni juu, hili liko chini ya sakafu. Boti nyingi za faiba zimejazwa povu gumu chini ya sakafu ili zisizame, na povu la zamani likikaa na maji muda mrefu linayanywa, likishakunywa halikauki kwa jua wala upepo kwa sababu limezibwa juu na chini. Ile rangi ya kahawia mara nyingi ni mbao za ndani zimeanza kuoza.

Ipeleke kwenye mzani wa magari, pima trela na boti, alafu trela peke yake, toa injini, mafuta na vifaa, ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye karatasi za boti. Tofauti ikiwa kubwa, toboa tundu dogo kwenye sakafu sehemu ya nyuma karibu na katikati, utoe kipande cha povu ukiminye. Kikitoka maji, sakafu ifunguliwe, povu lote litoke, mbao zikaguliwe mpaka ule ubao wa nyuma unaobeba injini, na huo ugonge kwa nyundo ndogo ukisikiliza, penye sauti ya kufa pameoza. Ukiweka povu jipya acha njia ya maji chini yake ifike mpaka kwenye kizibo, na kila tundu la skrubu kwenye sakafu lizibwe kwa gundi ya baharini, maana ndo huko maji yalikopitia.