Kabla Hujamwongezea Jajja Kidonge: Kwa Madaktari Wanaoanza Mafunzo ya Kazini

Nyumba za kulelea wazee ni chache Uganda. Wazee wetu wengi, hao tunaowaita jajja, huishi na wana na wajukuu, na hata Kampala nyumba inayojulikana zaidi ni ile ya masista huko Nalukolongo, aliyoitembelea Papa Fransisko Novemba 2015. Ndiyo maana unaweza kupelekwa kwenye nyumba kama hiyo hujawahi kufundishwa namna ya kumwandikia dawa mtu wa miaka 85 asiye na jamaa wa kukusimulia ugonjwa wake. Mimi huwasimamia madaktari wapya katika ziara hizi, na jambo ninalolishikilia kuliko yote ni hili: usiandike dawa mpya kabla hujazijua zote anazomeza.

Nikisema zote, sina maana ya zile zilizo kwenye daftari tu. Daftari hilo la shule ambalo wagonjwa wetu hutembea nalo lina miandiko ya watu wengi, na aliyeandika ukurasa wa mwisho mara nyingi hakuusoma wa kwanza. Omba kuoneshwa kabati la dawa. Toa bahasha moja moja, umuulize mlezi: hii anapewa saa ngapi, ilianza lini, ni ya ugonjwa gani? Uliza pia habari za mululuza na emmumbwa, yaani dawa za kienyeji, tena bila kukunja uso, maana ukionesha dharau utafichwa.

Kisha kokotoa uwezo wa figo. Madaktari wengi wapya huona kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, ni miligramu 1.0 kwa desilita wakaridhika. Mwanamke wa miaka 85 mwenye kilo 45 ana misuli kidogo, kwa hiyo hata figo zikiwa zimechoka kreatinini yake haipandi sana. Chukua 140, toa umri, zidisha kwa uzito, gawa kwa 72 mara kreatinini, na kwa mwanamke zidisha tena kwa 0.85. Kwa huyu utapata kwamba figo zinachuja kama mililita 29 kwa dakika. Hapo metformini, dawa ya kisukari, haimfai tena, na diklofenaki, dawa ya maumivu, ni ya kuepukwa kabisa, ingawa kipimo kilirudi kimeandikwa "kawaida".

Sasa niseme kuhusu mnyororo wa dawa, yaani dawa mpya kuandikwa kutibu madhara ya dawa iliyotangulia, kwa sababu ndio unaowaumiza wazee kimyakimya. Mzee ana presha, anaanzishiwa amlodipini. Miguu inavimba. Daktari wa pili anadhani ni moyo, anaongeza furosemidi, dawa ya kukojoza. Mzee anaamka usiku mara kwa mara kwenda msalani, presha inashuka kila anaposimama, anaanguka. Kiuno kinauma, anaandikiwa diklofenaki, nayo inapandisha presha na kuziumiza figo. Anayemkuta sasa anaongeza dawa nyingine ya presha. Kila daktari alitibu alichokiona, na hakuna aliyeuliza kama uvimbe ulianza kabla ya amlodipini au baada yake. Swali hilo liulize kwa kila dalili mpya: kizunguzungu, choo kigumu, kuchanganyikiwa, kukosa hamu ya kula, mikono kutetemeka. Mpime presha akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, rudi kwenye orodha ya dawa zake.

Mwaka 1991 Mark Beers, daktari wa wazee nchini Marekani, aliongoza kazi ya kuandaa orodha ya dawa zisizofaa kwa wakazi wa nyumba za wazee, na orodha hiyo bado inahuishwa. Baadhi ya dawa hizo utazikuta kwenye kabati letu. Piriton, dawa ya mzio, na amitriptilini, dawa ya sonona, huwachanganya akili wazee na kuwazuia mkojo. Diazepamu, dawa ya usingizi na wasiwasi, huwaangusha. Glibenklamidi hushusha sukari kwa saa nyingi, na jajja aliyekataa chakula cha jioni anaweza kukutwa asubuhi hajitambui.

Utasikia pia: "Musawo (daktari), jajja halali, anapiga kelele." Mlezi aliyesema hivyo amechoka kweli, pengine yuko peke yake zamu ya usiku na wazee wengi. Msikilize, lakini usikimbilie haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu, dawa za aina hiyo huongeza hatari ya kiharusi na kifo. Kwanza tafuta maumivu, mkojo uliokwama, choo kilichofunga, malaria. Mara nyingi parasetamoli iliyopangwa kwa saa zake hutuliza kelele.

Ukishaona dawa ya kuondoa, ondoa moja kwa wakati mmoja. Diazepamu iliyotumika muda mrefu ukiikata ghafla inaweza kuleta degedege, kwa hiyo punguza taratibu. Uliza kama vidonge vinasagwa kwenye uji: kidonge cha nifedipini kilichotengenezwa kutoa dawa polepole kikisagwa, dozi nzima huingia kwa pamoja na presha huporomoka. Na usidhani umri unaondoa VVU. Dolutegraviri, dawa ya kufubaza VVU, hupandisha metformini mwilini, hivyo metformini isizidi miligramu 1000 kwa siku hata kama figo ni nzima. Nayo dolutegraviri imezwe saa 2 kabla ya vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu, au saa 6 baada yake.

Kabla ya kuondoka, kaa na mlezi mpitie mabadiliko, akuambie kwa maneno yake kilichoondolewa na dalili za kukupigia simu. Andika sababu ya kila dawa iliyobaki na tarehe ya kumpima tena. Zamu yako ikiisha kabla ya tarehe hiyo, mkabidhi daktari anayekufuata ana kwa ana, ukimtajia mzee, dawa uliyoondoa, na unachohofia.